Bawa la mashine au vibao vya tezi kwa boti ndogo ya faiba? Niliyoyaona njia ya Mkoani–Misali

BahariaMkoani (mleta uzi)

Assalamu alaykum wana jukwaa.

Naleta uzi huu kwa sababu watu watatu wameshaniuliza swali moja hapa bandarini Mkoani, Pemba: "Lile bawa ulilofunga kwenye mashine, na mimi ninunue?" Wote nimewaambia wasubiri. Jibu lake ni refu, na sehemu yake moja nusura inigharimu chombo na watu.

Chombo changu ni faiba ya futi 19, chini kina V ya wastani. Mashine ni ya nguvu farasi 40, tustroki, ya kushika mkono, na kuiinua ni kwa mkono vilevile, unaweka pini kwenye tundu. Napeleka wageni kisiwani Misali, na siku zisizo na wageni navua. Ugonjwa wake ni ule wa vyombo vingi vya aina hii. Ukiongeza moto (ukiifungua mashine), omo, yaani mbele ya chombo, inaangalia mbingu, mbele huoni kitu, na tezi, yaani nyuma yake, imekaa chini inaburuza maji. Kinachukua muda kabla hakijapanda juu ya maji na kuanza kuteleza, na nikiwa na abiria sita kuna siku hakipandi kabisa.

Nikanunua haidrofoili, hiyo ndiyo tunayoiita bawa. Ni kipande cha plastiki ngumu, wengine hutengeneza cha alumini, chenye umbo la bawa la ndege. Hufungwa kwenye lile bamba bapa lililo juu ya propela, ambalo kazi yake ni kuizuia propela isivute hewa kutoka juu. Maji yakipita kwa kasi, bawa linainua mashine, mashine inainua tezi, na tezi ikipanda omo inashuka.

Na lilifanya kazi, lazima niseme haki yake. Nilipima kwa saa ya simu, mzigo uleule, maji yametulia: kabla ya bawa sekunde 11 hadi chombo kupanda, baada ya bawa sekunde 7. Tena kikawa kinabaki juu hata nikipunguza moto, jambo ambalo zamani halikuwezekana. Nikipunguza kidogo tu kilikuwa kinazama tezi na kuanza kuburuza upya. Nikafurahi, nikawasifia wenzangu.

Mwaka jana, kusi (upepo wa kusini) limeshika, tulitoka Mkoani asubuhi. Anayeijua njia anajua kwamba Misali iko kaskazini magharibi yetu, kwa hiyo kusi likivuma sawasawa, kwenda unafuatwa na mawimbi na kurudi unayapiga kwa omo. Nilikuwa na wageni wanne na baharia mmoja. Wimbi likatuinua tezi, likatusukuma, tukateremka nalo. Omo ikaingia kwenye mgongo wa wimbi la mbele, ikashika. Tezi ikataka kuipita omo. Chombo kikageuka ubavu ghafla, nikausukuma mkono wa mashine kwa nguvu zangu zote na hakikunisikia. Alhamdulillahi wimbi lile lilikuwa linakufa, likapita chini yetu. Lingekuwa na kichwa, nisingekuwa naandika hapa.

Usiku sikulala vizuri. Bawa lilikuwa linafanya kazi ileile niliyolinunulia, kuinua tezi na kushusha omo. Lakini mawimbi yanapokufuata, wimbi lenyewe limeshakuinulia tezi, na unachotaka wakati huo ni omo iwe juu. Bawa halina swichi ya kuzimia. Mwenye mashine inayoinuka kwa umeme ataibinua kidogo na omo itapanda. Mimi wa pini nitafanya nini? Niache mkono wa mashine, niinamie tezini kuhamisha pini katikati ya mawimbi?

Ndiyo maana sasa naangalia vile vibao viwili vinavyofungwa kwa bawaba nyuma ya ubao wa tezi, kimoja kulia kimoja kushoto, madukani wanaviita trimu tabu. Vipo vya umeme na vya haidroliki, unavishusha na kuvipandisha kwa swichi. Bei yake ni mara kadhaa ya bawa. Naomba waliovitumia wanieleze, na mafundi wa faiba wanisaidie, kabla sijatoboa ubao wangu.

FundiFaiba

Waalaykumu salaam nahodha. Pole kwa mkasa, na ahsante kwa kuusema wazi, maana watu wengi wakiponea hunyamaza.

Kabla ya bawa wala vibao, nijibu maswali matatu. Matangi ya petroli yako wapi? Bamba la mashine liko juu au chini ya usawa wa chombo? Pini umeiweka tundu la ngapi?

Nauliza kwa sababu vyombo vingi vinavyoletwa kwangu na ugonjwa huu vinapona bila kununua kitu. Matangi mawili ya lita 25 yakijaa ni kilo 37 hivi za petroli tupu. Weka na wewe unayekaa tezini kushika mkono, betri, nanga ya akiba, na mashine yenyewe kilo sabini na kitu. Yote hayo yamekaa katika futi tatu za mwisho. Ndiyo maana omo inaangalia mbingu. Waliobadilisha tustroki wakafunga fostroki ya nguvu hiyohiyo ndio wameumia zaidi, mashine inakaribia kilo mia na ubao ni uleule.

Urefu wa mashine: chukua rula ndefu au ubao ulionyooka, uweke chini ya chombo utokeze nyuma. Bamba liwe sawa na mstari huo, au juu yake kwa inchi moja. Likiwa chini sana linaburuza. Likiwa juu sana propela inashika hewa kwenye kona, mashine inalia na chombo hakiendi. Kuna mtu aliniletea mashine ya shafti ndefu, ile ya inchi 20, imefungwa kwenye ubao wa inchi 15. Alikuwa ameshanunua mabawa mawili.

Pini: kadiri inavyokuwa karibu na ubao, ndivyo omo inavyosukumwa chini. Ni bure, na wengi hawajawahi kuigusa tangu mashine ilipofungwa.

PwaniMchangani

Samahani wakubwa, mimi mgeni kidogo. Niliambiwa bawa linaongeza spidi na linapunguza petroli. Ni kweli au maneno ya muuzaji?

BahariaMkoani

Karibu ndugu yangu. Spidi ya mwisho haliongezi. Kwangu ilipungua kidogo, kwa sababu ni kitu cha ziada kinachokatwa na maji. Petroli inaweza kupungua kama ulikuwa ukienda muda mrefu tezi imezama na omo iko juu, hapo ndipo mashine inapokunywa kupita kiasi. Kama chombo chako kinapanda vizuri na unakwenda mwendo wako wa kawaida, sioni utapunguza nini.

Fundi, matangi yote mawili yako tezini, kushoto na kulia kwangu. Pini iko tundu la tatu kutoka ubaoni. Bamba nitalipima chombo kikikauka.

NahodhaNungwi

Wenzangu, mimi nimetumia vyote viwili. Napeleka watu kisiwani Mnemba, futi 23, mashine ya 115 ya usukani.

Kuna jambo nahodha wa Mkoani hakuligusa, na kwangu ndilo lililoamua. Bawa liko katikati ya chombo. Linaweza kuinua tezi tu, chombo kinacholalia upande haliwezi kukisaidia. Na vyombo vya V hulalia upande kila siku. Abiria mnene amekaa kulia, chombo kinalala kulia. Wageni wakiona pomboo, wote wanakwenda upande mmoja na simu zao. Upepo nao: ukivuma mbavuni, chombo cha V kinalalia upande unaotoka upepo, kwa sababu unalazimika kukata usukani kuuelekea upepo ili ushike njia. Ukikaa hivyo saa nzima kila wimbi linapiga ubavu bapa badala ya V, na migongo ya watu inaumia.

Vibao vinakwenda kila kimoja peke yake, ndiyo faida yake kubwa. Chombo kikilala kulia, unashusha kibao cha kulia, kinainua kona ya kulia ya tezi, chombo kinanyooka. Sasa angalieni swichi. Swichi nyingi zimeandikwa kwa kufuata omo, siyo kibao. Ukibonyeza upande wa kushoto wa "omo chini", kinachoshuka ni kibao cha kulia, na omo ya kushoto ndiyo inayoinama. Ukifunga waya kinyume utakuwa unaongeza ugonjwa ukidhani unautibu. Mpeni mtu akae nyuma aangalie kibao gani kinashuka kabla hamjaondoka pwani.

Huku Ras Nungwi wakati wa kaskazi mawimbi ni mabaya kwa aina yake. Mkondo unakwenda kaskazini, upepo unatoka kaskazini mashariki, vinapingana, wimbi linasimama fupi na kali. Hapo nashusha vibao vyote viwili kidogo, napunguza moto, omo inashuka na V inakata. Bila vibao nilikuwa nachagua kati ya kwenda polepole tezi imezama au kwenda mbio nikiwapiga watu kwenye viti. Nikigeuka kurudi na mawimbi nyuma, kitu cha kwanza mkono wangu unafanya ni kupandisha vibao vyote juu kabisa. Kabla ya kugusa moto. Nimewafundisha vijana wangu wote hivyo.

Kwa hiyo yale yaliyokukuta yangekukuta hata na vibao kama ungevisahau chini.

BahariaMkoani

Hilo la mwisho nimelisoma mara mbili. Ahsante sana.

MzeeWaTumbatu

Wanangu, sisi uzito wa kukituliza chombo tulikuwa tunauita farumi. Chombo kikiwa chepesi omoni unakitia uzito omoni, kikiwa chepesi kote unakitia ngamani, chini kabisa ndani ya chombo. Jahazi halina mashine ya 40 lakini maji ni yaleyale.

Mleta uzi, kabla hujatoa pesa, muweke kijana wa kilo sitini akae omoni kabisa, uende siku ya maji matulivu. Kama chombo kinapanda haraka, umejua ugonjwa ni uzito. Kisha mtoe kijana, peleka mzigo wako wa kawaida mbele mpaka upate hali ileile. Usiache magunia ya mchanga omoni kwa kudumu. Ukifuatwa na mawimbi hayo magunia ni bawa jingine, tena baya zaidi, maana yanavuta omo chini hata ukiwa umesimama.

BiKizimkazi

Naomba nami niseme, nina vyombo viwili vya kupeleka watu kuogelea na pomboo.

Mnazungumzia mwendo tu, lakini nusu ya kazi yetu chombo kimesimama na watu wako majini. Vibao vya tezi ni bamba la chuma lenye pembe, na kikipanda na kushuka na wimbi kikampata mtu kichwani ni jambo zito. Mgeni wangu mmoja alichanika mguu alipokuwa anarudi chomboni. Tangu siku ile ngazi nimeihamishia ubavuni, mbali na tezi, na pembe za vibao zimesagwa mviringo. Na mashine inazimwa kabisa kabla mtu wa kwanza hajaingia majini, hilo halina mjadala kwangu.

Bawa nalo linatokeza kushoto na kulia kwa mashine, kwa hiyo msidhani liko salama zaidi. Na wavuvi, mshipi na jarife (wavu) vinanasa kwenye vyote viwili.

Swali langu kwa Fundi: kuna vile vibao visivyo na umeme, vina shoki ya gesi kama ya buti ya gari. Vinafaa?

FundiFaiba

Shikamoo Bi. Umesema jambo ambalo sisi mafundi hatuliwazi, maana chombo tunakiona nchi kavu.

Vile vya shoki ya gesi: chombo kikienda polepole, gesi inasukuma kibao chini na kinainua tezi. Mwendo ukiongezeka, maji yanakishinda nguvu, kinapanda chenyewe. Havitaki betri wala waya wala swichi, bei yake ni nafuu, na kwa chombo cha mvuvi kinachopata shida ya kupanda tu ni kitu kizuri kuliko bawa, maana mwendo mkubwa vinajiondoa. Lakini huvitawali wewe. Chombo kikilala upande huwezi kushusha kimoja. Na kwa njia ya Mkoani–Misali wakati wa kusi nina wasiwasi: wimbi la nyuma likikufikia umepunguza moto, ndiyo wakati gesi inapovishusha. Mleta uzi ndiye aliyekuwepo siku ile, ataamua.

Kuhusu kutoboa. Kwanza gonga ubao wa tezi kwa mpini wa bisibisi, sehemu yote, ndani na nje. Sauti kavu ya "tak tak" ni salama. Ikiwa nzito na butu, ndani plaiwudi imeoza, na kibao kitakuja kung'oka na kipande cha faiba. Tengeneza ubao kwanza. Kila tundu nalipanua kidogo, nalijaza epoksi, ikikauka natoboa upya katikati yake, ili hata gundi ikishindwa maji yasikutane na mbao. Skrubu zote stenlesi, gundi ya baharini, siyo silikoni ya bafuni. Nimefungua vyombo vingi vilivyooza kwa sababu ya silikoni ya bafuni.

Ukubwa: kipimo kinachotumika sana ni inchi moja ya upana wa kibao kwa kila futi ya chombo, kila upande, kibao kikiwa na urefu wa inchi 9 kwenda nyuma. Futi 19 unatafuta karibu inchi 18 kila upande. Nafasi isipotosha, chukua kifupi kwa upana lakini kinachokwenda nyuma inchi 12. Kisogeze inchi tatu nne kutoka kona ya nje ya chombo, na kisikaribie mashine, maji yaliyochafuka yakiifikia propela inashika hewa. Na kiwe juu kidogo ya ukingo wa chini, ili chombo kikikaa mchangani uzito usikae kwenye bawaba.

Aliyeamua bawa naye aangalie. Matundu manne kwenye alumini yanafungua rangi, maji chumvi yanaingia, bolti ya stenlesi na alumini vikikutana baharini alumini ndiyo inayoliwa. Paka grisi ya baharini kwenye bolti na rangi kwenye tundu. Yapo mabawa ya kubana bila kutoboa, mimi nayapenda zaidi, hasa kwa mtu anayejaribu. Na mashine mpya muulize aliyekuuzia kama kutoboa bamba kunavunja dhamana.

PwaniMchangani

Na propela je? Jirani yangu alibadilisha propela tu, chombo kikapanda.

NahodhaNungwi

Inawezekana kabisa. Ukishuka inchi moja ya pichi (hatua ambayo propela ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja) mashine inaongeza mizunguko 150 hadi 200 hivi kwa dakika. Kama mashine yako haifiki mizunguko iliyoandikwa kwenye kitabu chake ukiwa na mzigo kamili na moto wote, propela ni nzito kwako, na bawa litaficha ugonjwa tu huku mashine ikiendelea kuchoka. Ikizidi ile ya kitabu, usishuke tena.

BahariaMkoani

Wana jukwaa, nimerudi na majibu. Wiki mbili zimepita.

Bamba lilikuwa inchi moja na nusu chini ya chombo. Tumeinua mashine, sasa liko sawasawa na mstari. Pini nimeileta tundu la pili. Tangi moja limehamia mbele ya benchi la katikati kwa mpira mrefu wa mafuta, limefungwa kwa mkanda lisitembee, na nanga iko omoni. Bawa nimelitoa, matundu nimeyajaza epoksi na kupaka rangi.

Nikapima tena, abiria wale wale kwa uzito. Sekunde 8. Nililipa pesa na kutoboa mashine kwa ajili ya sekunde moja.

Jaribio la Mzee nalo nimelifanya, kijana akakaa omoni. Kilipanda upesi zaidi, lakini tulipogeuka mawimbi yakatufuata nikamwambia arudi katikati mara moja. Niliihisi omo inaanza kutafuta maji, ileile hisia ya siku ile.

Kilichobaki ni kulala upande. Wageni wangu hawakai walipoambiwa, na nikirudi wakati wa kaskazi upepo uko mbavuni kushoto njia nzima. Kwa hilo fundi hana dawa ya bure. Nimeamua vibao vya umeme, inchi 18 kwa 9, betri ninayo tayari kwa ajili ya redio na taa. Swichi nitaiweka karibu na mkono wangu wa pili, ili nipandishe vibao bila kuachia mashine. Vya gesi nimeviacha kwa sababu aliyoitaja Fundi. Mwenzangu wa Wete anayevua ndani ya ghuba amevichukua, na kwake vinamtosha.

Ubao nimeugonga wote. Kona ya chini kulia, sauti butu, kipande cha kiganja. Fundi, hapo umeniokoa, maana ndipo bawaba ingekaa.

Bamvua, maji yanapojaa sana na kutoka sana, inaingia wiki ijayo, chombo kitakauka hapa Mkoani muda wa kutosha asubuhi. Tutakata kona ile kwanza, tujaze, tuiache ikauke, vibao visubiri bamvua inayofuata. Fundi, ukivuka uje na kekee yako ya kutobolea, ya kwangu haifai kwa kazi hii. Chai na mkate wa mofa viko juu yangu.

FundiFaiba

Nitakuja inshallah. Usikate kitu mpaka nifike, na kona ya kushoto igonge tena.